Andika kama unayejibu simu

Tovuti ya kwanza niliyolipwa kuiandikia ilikuwa ya nyumba ya wageni huko Pangani. Nilianza hivi: "Tunayo furaha isiyo kifani kuchukua fursa hii adhimu kukukaribisha katika tovuti yetu..." Sentensi nne za namna hiyo kabla hujaona hata kitanda. Bei niliizika chini kabisa. (Shuleni tulifundishwa insha, na insha bila mbwembwe ilikuwa haipati alama.)

Mwezi mmoja baadaye nikapita pale. Dada wa mapokezi akanipokea na malalamiko: "Kaka, simu hazikatiki. Wanauliza yaleyale uliyoyaandika."

Nikakaa naye kaunta asubuhi nzima na daftari. Chumba shilingi ngapi? Chai imo? Kutoka stendi ni mbali? Kesho yake nikafuta ukurasa wote nikaupanga kwa maswali yale, na majibu nikayachukua kinywani mwake. Akiulizwa bei hakusema "gharama za malazi hutegemea vigezo mbalimbali". Alisema: "Cha feni elfu thelathini, cha kiyoyozi elfu hamsini, chai imo." Sentensi ndiyo hiyo, usiiguse.

Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliripoti kwamba asilimia 79 ya watu aliowapima walipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya. Hao walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta. Msomaji wako yumo ndani ya daladala, kioo cha simu kina ufa na bando linaisha. Basi jibu likae juu, aya ziwe fupi, na kichwa kidogo kitaje kitu: "Bei za vyumba", si "Huduma zetu". Kiungo nacho kiseme kinampeleka wapi. "Bofya hapa" ni sawa na kumwambia mtu "njoo" bila kumwambia wapi.

Halafu kuna saa. Niliandika "mwisho wa kutoka chumbani ni saa 4:00", nikaishia hapo. Mgeni mmoja, Mtanzania aliyekaa Ulaya miaka mingi, akaielewa kuwa saa kumi jioni. Alirudi kutoka ufukweni na mchanga miguuni, akakuta begi lake mapokezi na chumba kina watu wengine. Siku hizi naandika "saa 4:00 asubuhi, yaani 10:00 kwenye simu yako". Mwenye nyumba alimrudishia yule mgeni nusu ya hela, akaikata kwenye malipo yangu.