Mwanangu, mume wako ana ubaya wa mapema mno

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifika. Unauliza kwa nini kila anayesoma tamthilia yako anasema mke "si aondoke tu", ilhali wewe unataka nyumba ile imliwaze na kumbana kwa pamoja. Sababu ni kwamba mume anafoka tangu ukurasa wa kwanza. Nyumba isiyo na raha haina cha kumpotezea anayeiacha.

Irudie tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879, "A Doll's House", ile ya Nora na mumewe Torvald. Sehemu tatu, chumba kimoja. Ni Krismasi, nje baridi kali, ndani moto unawaka na piano ipo. Hata wewe ungetamani kukaa mle. Kisha litazame sanduku la barua: lina kufuli, na ufunguo anao Torvald peke yake. Sehemu ya tatu anapokwenda kulifungua, anakuta pini ya nywele imevunjikia kwenye kufuli. Ni ya Nora. Nora anasema labda watoto ndio waliochezea. Hakuna aliyepaza sauti, lakini pini ile imeshasema yote.

Ukishaona hivyo, utaelewa pia kwa nini mwisho wa pili, tofauti na ule wa asili ambapo Nora anamwacha mume na watoto, ni dhaifu. Ujerumani, mwaka 1880, mwigizaji mmoja alikataa kumcheza mama anayewaacha wanawe, Ibsen akalazimika kuandika mwisho ambapo Nora anaoneshwa watoto wamelala, anaanguka mlangoni, pazia linashuka. Mwenyewe aliuona ni ukatili kwa kazi yake. Watoto wanatumika kama komeo la ghafla, wakati kilichomfunga Nora kilikuwa kikisukwa tangu mwanzo, kwa mapenzi na majina ya kubembeleza.

Sasa kazi yako. Ile shali ambayo mume anamfunika mkewe, usiitaje mara moja ukaiacha. Mara ya kwanza mke anatetemeka kweli, na shali inampa joto. Ukurasa mzima wa wema usio na masharti. Mara ya pili anafunikwa kabla hajasema anahisi baridi. Mara ya tatu ameshika begi mkononi, na mume anamfunika kwa maneno yaleyale: "Usije ukapata baridi." Usibadilishe hata neno, na umkataze mwigizaji kuyasema kwa ukali. Akiyakaza, hadhira itamchukia mume na kumsahau mke.

Maelezo yote ya mke kuhusu "gereza" yafute. Ukimaliza nitumie sehemu ya kwanza.

Mama yako