Kata Pingili Moja: Niliyojifunza kwa Kulinganisha Mashina ya Jamaa za Alizeti

Siku ya kwanza nilipopeleka michoro yangu ya mashina ya alizeti niliyoyakata na kuyatazama kwa hadubini kwa mwalimu aliyenisimamia, aliitazama kama dakika mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Hizi alizeti mbili ulizikata wapi?" Nikamjibu moja nimeitoa Kongwa na nyingine hapa hapa Dodoma mjini, Nkuhungu, nyuma ya nyumba tunayopanga.

"Sikuulizi shamba, bwana. Kwenye shina, ulikata wapi?"

Nikanyamaza. Nilikata popote wembe ulipoangukia.

Mchoro mmoja ulionyesha vifungu vya mishipa, yaani njia za maji na chakula, vimejipanga duara, kila kimoja kimesimama peke yake kama vigingi vya zizi. Wa pili ulionyesha pete nzima ya mbao isiyo na pengo. Nilishaanza hata kuandika kwamba shina pekee linatosha kutenganisha alizeti ya kienyeji na ile ya mbegu ya dukani. Mwalimu hakubishana nami. Alisema tu, "Nenda kachukue mmea mmoja, ukate pingili zote toka kichwani hadi kwenye udongo. Ukimaliza ndio urudi."

Nilikwenda shingo upande. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshapata jibu: michoro yangu yote miwili ilikuwemo ndani ya mmea mmoja. Vigingi vya zizi vilikuwa karibu na ua, na pete ya mbao ilikuwa chini.

Sababu yenyewe si ngumu, ila shuleni tuliikariri bila kuiona. Alizeti huishi msimu mmoja, lakini shina lake hunenepa. Kati ya zailemu inayopandisha maji na floemu inayosambaza chakula kuna utando mwembamba wa seli zinazogawanyika, yaani kambiamu. Mwanzoni kambiamu ipo ndani ya kila kifungu tu. Baadaye inaamka pia katika nafasi iliyopo kati ya kifungu na kifungu, inaungana, duara linakamilika na shina linatengeneza mbao pande zote. Ndiyo maana shina moja la alizeti lina umri tofauti kadiri unavyoshuka: juu ni mtoto, chini ni mzee. Ukimlinganisha mtoto wa nyumba hii na babu wa nyumba ile, utaapa hawana undugu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi au mwalimu anayetaka kuainisha mimea ya familia ya alizeti kwa shina: kabla hujalinganisha spishi na spishi, linganisha mmea na wenyewe. Kata juu, kata katikati, kata chini, uone unavyobadilika. Kitakachobaki vilevile toka juu hadi chini ndicho cha kwenda nacho kwa jirani.

Mimi sasa huhesabu pingili kuanzia kwenye ua kushuka na kukata ya nne, katikati yake, kwenye mimea iliyoanza kuchanua. Namba nne haina uganga wowote, chagua yako, ila usiibadilishe njiani. Katikati ya pingili kuna sababu: karibu na kifundo baadhi ya vifungu vinapinda kuelekea kwenye jani na picha inavurugika. Usiridhike na mmea mmoja wa kila spishi. Chukua mitano au zaidi. Na kila ulichokata kikaushie kwenye magazeti kikiwa na ua lake, ukiandike namba ileile iliyo kwenye slaidi, yaani kile kioo cha kuweka chini ya hadubini. Siku ukibishaniwa utapeleka mmea wenyewe kwa watu wa hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa kule Arusha waukague. Slaidi bila mmea ni picha ya mtu asiye na jina.

Sisi wa Dodoma tuna mtego mwingine, ukame. Mvua zetu huanza Desemba na kukatika Aprili, na kilichoota bondeni hakifanani na kilichoota kwenye changarawe ya kilimani. Nilichukua kishona nguo, Bidens pilosa, chini ya bomba linalovuja, kisha nikachukua kingine kwenye mteremko mkavu, mwezi uleule, pingili ileile. Cha bombani kilikuwa na mirija mipana ya maji, seli kubwa zilizolegea na nta nyembamba juu ya ngozi. Cha mlimani kilikuwa chembamba, mirija yake midogo, nta nene, nyuzi ngumu zimekomaa mapema. Asiyejua angeandika spishi mbili. Tangu hapo unene wa nta, upana wa mirija, wingi wa mbao na idadi ya vifungu huvipima na kuviandika, lakini siviachii viamue jambo. Vinanieleza habari za udongo na mvua zaidi kuliko za ukoo.

Sasa, cha kuamini ni kipi?

Hapa alinifundisha mama mmoja anayeuza mboga soko la Majengo. Nilikuwa nachagua mchunga, nikamwuliza anautofautishaje na majani mengine yanayofanana nao. Akavunja shina moja mbele yangu, maziwa yakachuruzika. "Mwanangu, usipoona maziwa huo si mchunga." Bila hadubini wala shahada, mama yule alikuwa ameshika alama mojawapo yenye nguvu kuliko zote katika familia nzima. Mchunga, Launaea cornuta, yuko kabila moja na saladi tunayokula na chipsi (wataalamu wa mimea nao wana makabila, msishangae), na kabila hilo linatambulikana kwa utomvu mweupe. Alizeti haina maziwa hayo. Yenyewe ina mifereji ya aina ya ulimbo, matundu yaliyozungukwa na seli ndogo zinazotoa majimaji ya kunata, na utayaona kwenye gamba la shina na hata kwenye moyo wake. Mirija ya maziwa kwa mmoja, mifereji ya ulimbo kwa mwingine: tofauti hiyo haifutwi na mwezi mmoja wa jua kali.

Lakini maziwa peke yake yasikudanganye. Mnyaa tunaozungushia nyua zetu huku katikati ya nchi nao una maziwa, tena ya hatari, yakiingia jichoni utajuta, wala hauhusiani na mchunga hata kwa mbali. Wembe unaonyesha walivyo mbali. Kata mchunga kwa urefu, usikate kwa upana, uangalie eneo la floemu. Mirija yake imetokana na seli nyingi zilizojipanga mstari, kuta zilizozitenga zikayeyuka, na mirija ikaunganika kama wavu wa mvuvi. Mrija wa mnyaa ni seli moja ndefu ajabu, inayokua na kuchipua matawi ikipenya katikati ya seli nyingine, bila kuunganika wavu. Ukitazama kwa nje maziwa ni maziwa tu, ila ndani yametengenezwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Hilo ndilo lililonifanya niipende kazi hii, na sikulipata kwenye mchoro wa mtu mwingine.

Wapo pia wachache wa familia ya alizeti wenye utomvu ingawa hawamo kwenye kabila la mchunga. Kwa hiyo anza na ua siku zote. Ukiona kichwa kilichojaa vijiua vidogo vidogo vilivyobanana, ambavyo wengi wanavihesabu kuwa ua moja, umeshaingia kwenye familia. Hapo ndipo shina linapewa nafasi ya kusema.

Vinyweleo ni vya pili kwa kuaminika, ila angalia aina, usiangalie wingi. Wingi hubadilika na jua. Je, kinyweleo ni seli moja au msururu wa seli? Kina kichwa cha kutoa majimaji au hakina? Kimesimama wima au kimelala kama herufi T? Hayo hayayumbi kirahisi. Umbo la shina nalo husaidia: la kishona nguo lina pembe nne, na kila pembe imejazwa kolenkima, tishu inayoimarisha shina bila kulikakamaza. Tatizo ni kwamba kivumbasi nacho kina shina la pembe nne na ni wa familia nyingine kabisa. Umbo linafaa ukiwa tayari ndani ya familia, mlangoni halikusaidii.

Moyo wa shina huwa napita haraka, maana alizeti ikizeeka unakuwa kama sponji kavu na hauna mengi ya kueleza. Ila siwezi kuuacha bila kutaja sokwe wa milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akimenya shina la mmea ambao Watongwe huuita mjonso, ndugu mwingine wa alizeti, akitafuna moyo wake mchungu na kutema nyuzi. Moyo ambao mimi nauruka kwenye hadubini, mwenzetu aliuona dawa.

Kuhusu vifaa, usikate tamaa kwa kukosa maabara kubwa. Nunua wembe mpya na uubadilishe mara kwa mara, maana wembe butu unachana, haukati. Chonga mfereji kwenye karoti, bana shina laini humo, lowesha, kisha vuta wembe kuelekea kwako kwa mkupuo mmoja bila kusaga. Utapata vipande ishirini vibaya na kimoja kizuri; mara nyingi kizuri ni kile kilichopungua kufikia ukingo hadi kuwa kama hakipo. Loweka kwenye safranini, rangi nyekundu ya maabara, dakika chache, suuza: kilichokuwa na lignini inayokakamaza kuta za seli, yaani mirija ya maji na nyuzi ngumu, kitabaki chekundu, na seli laini zitapauka. Tone la gliserini, kifuniko, basi. Simu ukiiegemeza kwenye lenzi inapiga picha ya kutosha. Mashina ya akiba hukaa kwenye pombe ya asilimia 70. Kama utashika gugu karoti, jamaa mwingine wa alizeti ambalo liliripotiwa Arusha mwaka 2010, vaa glavu. Linawasha ngozi vibaya na ngozi nyingine hazilisahau.

Usitegemee pia kwamba shina litakupa uainishaji mzima. Mfaransa Henri Cassini, aliyefariki 1832, aliyagawa makabila ya familia hii akitazama sehemu za vijiua. Sherwin Carlquist wa Marekani alipitia mbao za familia hii kabila kwa kabila, na alionyesha wazi jinsi hali ya hewa inavyoandikwa kwenye mirija. Kisha mwaka 1987 Robert Jansen na Jeffrey Palmer wakakuta kipande cha DNA ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya seli, kilichogeuzwa kichwa chini miguu juu katika familia yote isipokuwa kikundi kimoja cha Amerika Kusini, na hilo likabadili mzizi wa ukoo mzima. Wembe wangu usingeliona hilo hata ningekata miaka mia. Mahali shina linapong'ara ni pale ua lilipokosekana: mboga iliyokaushwa, dawa ya asili iliyotwangwa, mabaki yaliyotoka tumboni mwa mbuzi. Vinyweleo na nyuzi huvumilia kinu.

Mwezi uliopita nilirudi Majengo. Mama yule alikuwa akipitia fungu lililoletwa jana yake, anavunja shina moja moja. Moja likagoma kutoa maziwa, akalitupa pembeni: "Hili wamenichanganyia." Nikaliomba, nikaenda nalo nyumbani, nikalikata kwa urefu. Mirija ilikuwemo, wavu uleule, utomvu umeganda ndani kama chembechembe. Ulikuwa mchunga halisi, ila umenyauka kiasi kwamba haukuwa na msukumo wa kutoa chochote. Slaidi ninayo bado. Jumamosi nitambebea nayo, pamoja na hadubini, nione atasemaje.