Usiuze kiwanja kisa Mungu amenyamaza

Mkuu, rudisha hati kabatini kwanza. Umesema unaomba usiku kucha unaona kimya, nabii amekuambia kiwanja cha Chanika ndicho "kimefunga mbingu", ukiuze upeleke hela madhabahuni kabla ya mwisho wa mwezi. Unauliza ufunge siku ngapi, na kama uhame kanisa. Ya kufunga tutayafikia.

Mimi niliuza. Changu kilikuwa Kibaha, msingi ulishatoka chini, tofali zimepangwa pembeni. Nimepunguzwa kazini, nikipiga magoti nasikia feni tu. Mtumishi akaniambia Mungu akinyamaza ujue anakudai. Nikauza kwa bei ya kutupa, maana eti upako una tarehe, hela ikaingia kwenye bahasha, nikapewa kichupa cha mafuta. Mafuta yenyewe alizeti kabisa, tuliyakaangia mayai. Angalau hapo nilipata faida.

Kimya kikabaki kilekile, safari hii na kodi ya nyumba juu. Nikarudi kwa mtumishi, akasema nilitoa kwa manung'uniko, niongeze! Wife alipojua hakupiga hata kelele. Aliuliza tu mbona sikumshirikisha, akaingia ndani. Ningependa angenitukana.

Kinachonichefua, yule bwana anahubiri nabii Elisha karibu kila wiki. Sasa fungua 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari mwenye ukoma, amekuja na talanta kumi za fedha, kaponywa, Elisha kakataa kupokea chochote. Aliyemkimbilia nyuma akachukua talanta mbili na mavazi ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na akaondoka na ukoma. Kanisani kwetu hadithi ilikuwa inaishia Naamani akioga Yordani. Ya Gehazi nimejisomea mwenyewe, hela imeshakwenda.

Halafu nani kasema kimya ni deni? Zaburi ya 88 mtu analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso, na zaburi inaisha bado gizani. Hakuna aliyemwambia auze shamba. Mama Teresa wa Calcutta, barua zake zilipochapishwa 2007 watu walishangaa kwamba miaka na miaka alikuwa hamhisi Mungu, na bado alikuwa anawahudumia wagonjwa wake. Eliya aliomba afe pale jangwani chini ya mti wa mretemu. Malaika hakumdai sadaka, alimletea mkate na maji, akala, akalala tena.

Kwa hiyo: Mungu akinyamaza, usiuze, usisaini, usiweke nadhiri ya hela. Endelea na yaleyale uliyokuwa unafanya ulipokuwa unamsikia. Omba hata kama maneno ni makavu, kula (hilo ndilo jibu la kufunga), lala, nenda kibaruani. Kama kweli anakitaka hicho kiwanja atakuambia wewe, tena na mwenzio atasikia.

Hati mpe dada yako akae nayo. Dalali akipiga simu mwambie imeenda kijijini kusalimia.