Kulipia PS Plus? Unacheza gemu gani kwanza?

Kaka, umeuliza kama ulipie PS Plus, ule usajili wa kulipia wa PlayStation, kwa hiyo PS4 uliyonunua mtumba. Kama unacheza Fortnite au eFootball tu, usitoe hata shilingi. Gemu hizo za bure zinachezwa mtandaoni bila usajili. Ila ukitaka mechi za mtandaoni za EA Sports FC, ile gemu ya mpira ya kununua, lazima ulipie, hata kama diski umeinunua kwa jasho lako. (Enzi za PS3 hili lilikuwa bure. Bado linaniuma.)

Mimi nililipia miezi mfululizo hapa Umoja. Siku moja nikapiga hesabu: mwezi mzima nilikuwa nimecheza Jumamosi mbili, na ya pili stima ilipotea dakika ya 80 nikiongoza mbili bila. Sasa nalipia mwezi mmoja, naruka miwili.

Usajili wa mwaka ni nafuu ukigawanya kwa miezi, lakini nao umepanda: Septemba 2023, Essential (ngazi ya chini kabisa ya PS Plus) ya mwaka kule Marekani ilitoka dola 59.99 hadi 79.99. Na usidanganyike na zile gemu za kila mwezi wanazosema ni zako. Ukiacha kulipa zinafungwa, ukirudi kulipa zinafunguka. Ni kama nyumba ya kupanga.

Extra, ngazi ya juu yake yenye maktaba ya gemu nyingi, naona ina maana kwa mtu anayemaliza gemu za hadithi moja baada ya nyingine. Wewe unayecheza mpira tu, nunua padi ya pili, waite majirani.