Kifusi cha Ujenzi Kipangiwe Kabla Msingi Haujachimbwa

Nasimamia ujenzi wa nyumba hapa Tanga. Kila mteja huniuliza bei ya saruji. Kifusi hakiulizwi mpaka kimeziba njia ya jirani. Viwanja vya Ngamiani vimebanana, lori likishindwa kuingia rundo husukumiwa mtaroni. Masika yakianza, maji yanaingia sebuleni kwa mtu ambaye hata hajengi.

Kwa hiyo, mkiandikiana na fundi, ielezwe nani ataondoa taka na kwa fedha ya nani. Makubaliano mengi hutaja kuta, jamvi (zege la sakafu), kupaua na plasta, yakaishia hapo.

Halafu tenganisheni tangu siku ya kwanza. Matofali yaliyovunjika na zege gumu ni mali. Jirani anayejaza msingi atakuja na toroli lake mwenyewe. Vikichanganyika na vipande vya mbao na jipsamu, havifai tena. Mbao chini ya jamvi huita mchwa, na jipsamu ikipata unyevu hulainika, sakafu ikatitia. Ukiletewa kifusi cha namna hiyo, hata kama ni cha bure, kikatae.

Mabaki mengine yanazuilika kabisa. Nondo ya mita 12 ukiikata vipande vitatu vya mita 3.5, inabaki mita 1.5, inayoweza kutosha kitako cha nguzo. Fundi apige hesabu hiyo kabla ya kushika msumeno. Zege nalo lichanganywe kidogokidogo, kwa kadiri ya watu waliopo. Kwa joto letu hili likikaa hushika, na kuliongezea maji ili lilainike ni kuidhoofisha nyumba.

Mifuko ya saruji msiichome, moshi wake wanauvuta watoto wa mtaa mzima. Ilowesheni, mtandike juu ya zege changa wakati wa kulimwagilia.

Mkibomoa nyumba ya zamani, chungulieni paa kwanza. Kama ni la asbesto, yaani shiti za zamani za saruji yenye nyuzi, simamisheni kazi. Msilivunje wala kulikata, vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Hilo ni la wataalamu.

Kifusi kitakachobaki, muulizeni bwana afya wa kata kimwagwe wapi; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri jukumu la taka ngumu. Msimwachie dereva achague mwenyewe, maana wapo wanaokwenda kumwaga kwenye mikoko, na huko ndiko samaki wanakozaliana.