Gawa, gawanya na diski ya Linux

SWALI: Ninaandaa mwongozo wa kusakinisha mfumo endeshi wa Linux kwenye kompyuta ambayo tayari ina Windows. Nimeandika: "Gawa diski kuu mara tatu, kisha chagua kigawo cha kwanza." Mwenzangu anadai kwamba sentensi hii itawapotosha wasomaji. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na kinachopotosha zaidi ni hilo "mara tatu". Katika mazungumzo tunasema "kata mkate mara mbili" tukikusudia vipande viwili, na hakuna anayekosea kwa kuwa mkate uko mezani. Msomaji wa mwongozo hana msaada huo. Akifuata maneno kama yalivyo, atagawanya, atarudia, kisha atarudia tena, na mwisho atakuwa na sehemu nne. Tena kinachogawanywa hapa si diski nzima, bali nafasi iliyobaki tupu baada ya kupunguza sehemu ya Windows, na asiyeambiwa hivyo anaweza kufuta mafaili yake yote. Kwa hiyo andika: "Gawanya nafasi tupu katika sehemu tatu", kisha uzitaje: ya mzizi, ambamo mfumo wenyewe hukaa, ya swopu, inayoisaidia kumbukumbu inapojaa, na ya mafaili ya mtumiaji.

Kuhusu kitenzi, "gawa" humwelekea zaidi mpokeaji, kama tunavyogawa chakula kwa wageni, ilhali "gawanya" hutazama kitu kinachotengwa vipande. Wapo wanaovichanganya, nami siwalaumu sana, lakini katika maandishi ya kiufundi tofauti hiyo ina faida: ukishagawanya nafasi, unaweza kuandika "igawie sehemu ya mzizi gigabaiti 40", na kila kitenzi kikafanya kazi yake.

"Kigawo" liachie hisabati, ambako wengi waliosoma shule ya msingi Tanzania wamekutana na Kigawo Kikubwa cha Shirika. "Sehemu" inatosha.

Angalia pia vinyambuo, yaani maumbo yanayotokana na kitenzi, hasa katika maelezo ya hitilafu. "Diski haijagawanywa" humwambia msomaji kwamba kazi hiyo bado haijafanyika, na anaweza kuifanya mwenyewe papo hapo. "Diski haigawanyiki" humwambia kwamba haiwezekani kabisa, naye huenda akairudisha dukani diski mpya isiyo na kasoro yoyote.