Usimweke mgeni kwenye static

Hapa Arusha kazi nyingi tunazopata waandishi wa programu zinatoka kwa kampuni za utalii, na mifumo yake hutunza malipo na namba za pasipoti za wageni. Nimekagua misimbo mingi ya namna hiyo. Kinachonitia hofu zaidi ni kigeu, yaani jina linaloshika taarifa ndani ya programu, kinachobadilika ambacho kila mtu anakitumia.

Mfumo mmoja ulioandikwa kwa lugha ya Java ulikuwa na mstari huu: `static Mgeni mgeniWaSasa`. Kwenye laptopu ya mwandishi wake ulienda vizuri, maana alikuwa akiutumia peke yake. Msimu wa Julai ulipochanganya, ofisa wa Njiro na mwenzake wa mjini walifungua fomu kwa wakati mmoja, na wa Njiro akaletewa pasipoti ya mgeni asiyemjua. Hakuna aliyedukua chochote! Static ni moja kwa programu nzima, lakini seva inahudumia maombi mengi kwa pamoja, kila moja kwenye thredi yake, yaani mkondo wake wa kazi. Aliyeandika mwisho ndiye anayesomwa. Taarifa za ombi zikae ndani ya methodi (kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi moja), au kwenye kipindi (session) cha mtumiaji husika.

Vijana hunijibu kwamba wameweka `private`, inayoficha kigeu kisiguswe na msimbo wa nje, na `final`. Hazitoshi. `final` inazuia kigeu kisielekezwe kwenye orodha nyingine, ila vilivyomo bado vinabadilika. Na methodi ya `public` (inayoitwa na yeyote) ikirudisha safu (array) yenyewe, `private` haina kazi tena. Java yenyewe iliwahi kuumwa na hili: mwaka 1997 watafiti wa Princeton waligundua kuwa methodi ya `getSigners` ya JDK 1.1.1, toleo la zana za Java la wakati huo, ilirudisha safu halisi ya watia saini wa klasi. Apleti yoyote, yaani programu ndogo ya Java iliyoendeshwa ndani ya kivinjari, ingeweza kuibadilisha na kujifanya imesainiwa na mtu anayeaminika.

Toa nakala, basi. Unapopokea pia, nakili kwanza ndipo ukague. Ukikagua kabla, thredi nyingine inaweza kubadilisha `Date` (aina ya zamani ya tarehe katika Java, inayobadilika) ile ile ukiwa umesharidhika nayo. Tangu Java 8 tarehe za `java.time` hazibadiliki, na Java 10 ilileta `List.copyOf`, inayotoa nakala ya orodha isiyobadilika. `Collections.unmodifiableList`, inayofunika tu orodha bila kuinakili, siitegemei peke yake, kwa kuwa mwenye orodha ya asili bado anaweza kuichezea.

Kama mfumo tayari uko hewani, anza leo kutafuta kila `static` isiyo na `final`, kisha zenye `final` ambazo vilivyomo vinabadilika, na uulize nani anaziandika.